Mchango wa Mama Akiwa Hai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule pale Kamachumu, Kokuhirwa alichota maji ndoo mbili, akafagia uwanja, kisha akaketi kumenya ndizi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Jovina. Lakini miezi miwili iliyopita, Jovina akiwa anaoga, aligusa uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya harage. Hakuuficha. Alikwenda hospitali, wakampima, wakasema ni saratani iliyowahiwa, wakaitoa. Mkono wake ulikuwa bado mzito, basi kisu kikahamia kwa Kokuhirwa wa darasa la sita.

"Unamenya mpaka nyama," alisema babu yake, Mzee Gamaliel. "Hivi tutakula maganda."

"Maganda ni ya mbuzi, Babu. Wewe subiri zamu yako."

Babu alicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Tangu Bibi afariki, mzee huyo aliwalaumu viongozi wote, kuanzia balozi wa nyumba kumi hadi wale wanaopita ndani ya magari yenye vioo vyeusi.

Siku hiyo, akitafuta kalamu kwenye sanduku la mama, Kokuhirwa aliona karatasi ya hospitali. Ilisema Jovina aende Mwanza kupata tiba ya mionzi, ili mabaki ya ugonjwa yasichipue tena. Zilibaki wiki mbili kufika siku aliyopangiwa.

"Mama, mbona hukutuambia?"

Jovina aligeukia chungu. "Nimeshapasuliwa, imetosha. Jirani yetu Vestina anasema dada yake alikaa huko wiki tano. Wiki tano za kulipia kitanda, kununua chakula, na nauli ya meli juu yake. Baba yako anachotuma kutoka machimboni unakijua. Niuze kibanja chetu cha migomba, nirudi mzima nikukute huna hata mgomba mmoja?"

"Si mnaona?" alidakia Babu. "Wakubwa wameiweka mashine ng'ambo ya ziwa, kisha wanasema redioni kwamba huduma ipo. Ipo, ndiyo. Hata mwezi upo."

Jioni, baada ya masomo, Kokuhirwa hakwenda kuruka kamba na wenzake. Alipitia zahanati kwa muuguzi Farida, akampa ile karatasi.

"Huyo dada wa Vestina alitibiwa lini?" aliuliza Farida.

"Nilikuwa bado nabebwa mgongoni."

Farida alipiga simu kwenye namba iliyoandikwa chini. Akasikiliza, akaandika, kisha akatabasamu. "Mama yako amepangiwa wiki tatu. Siku hizi wengi waliowahi kama yeye hupewa dozi kubwa kidogo kila siku, kwa siku chache, na inafanya kazi ile ile. Sikiliza, mwanangu: gharama ya mionzi haiko kwenye mashine tu. Iko kwenye kitanda na sahani. Ukipunguza wiki mbili, umepunguza vingi. Ila asichelewe. Ugonjwa ukirudi, gharama yake huota mkia."

Kokuhirwa alirudi nyumbani akikimbia. Mama alifurahi, lakini hata wiki tatu zilikuwa ndefu kuliko mfuko wake.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na kikao cha chama cha kuzikana. Nyumba isiyoleta mtu hutozwa faini, na kwa kuwa Jovina alikuwa amechoka, alimtuma binti yake; Babu alihesabiwa kwa nyumba yake mwenyewe. "Andikisha jina, kaa kimya, urudi," alimwambia.

Mwenyekiti, Mzee Rwekaza, aliipenda katiba ya chama kuliko kahawa yake shambani. Alisoma mambo ya turubai, ya sufuria, ya viti vilivyovunjika miguu. Alipofika kwenye mengineyo, mkono mdogo ukainuka.

"Waitu, Mwenyekiti," alisema Kokuhirwa kwa heshima ya Kihaya, "naomba kuuliza. Mama yangu akifa, mtatoa nini?"

Watu walitazamana. Mzee Rwekaza alivua miwani. "Mungu apishe mbali, mwanangu. Lakini tutatoa jeneza, sanda, chakula cha siku tatu, na fedha ya rambirambi. Hatujawahi kumtupa mtu."

"Thamani yake inafika wiki tatu za kukaa Mwanza?"

"Inafika na kupita."

"Basi naomba hizo hizo, akiwa hai."

Aliyekuwa akitafuna kahawa aliacha. Mwenyekiti alifunua kurasa mbele na nyuma. "Katiba haina mgonjwa," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Gamaliel alisimama. "Katiba mliiandika ninyi, hakuiandika Musa. Mke wangu alipougua mliniletea pole. Alipokufa mkaleta jeneza lenye vishikio vya kung'aa. Nilikaa kando yake nikawaza, hivi vishikio ni nauli ya kwenda Mwanza. Nimewasema wakubwa miaka sita, na bado nitawasema. Lakini siku ile na mimi nilikuwa mwanachama, na sikuinua mkono. Huyu mtoto ameinua."

Mzee Rwekaza aliitazama tena katiba. Akaomba kalamu. "Wanaokubali tuongeze mgonjwa, wanyooshe mikono." Mikono ilinyooka kama mahindi shambani. Vestina alinyoosha yote miwili, akaambiwa ateremshe mmoja.

Jovina alirudi kutoka Mwanza msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga. Asubuhi meli ilipotia nanga Kemondo, Kokuhirwa alimwona akishuka amebeba begi lake mwenyewe, kwa mkono ule ule uliokuwa mzito. Daktari alikuwa amesema tiba imekwenda vizuri, na kwamba arudi kupimwa kila atakapoitwa. Nyumbani majirani walikuwa wamekaanga senene sinia zima, na Jovina aliomba kisu, akamenya ndizi akiimba.

"Mwenyekiti," alisema Babu huku akihangaika na senene mmoja mdomoni, "mchango wangu wa kufa msiuweke. Nipeni meno, sasa hivi."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Babu naye alicheka, kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Shika hili, Kokuhirwa, ukawaambie na wenzako shuleni. Ugonjwa ukiwahiwa, tiba ni fupi na gharama ni nyepesi. Usitishike kwa habari za jirani, muulize anayejua. Na ukiwa na cha kumpa mwenzako, mpe akiwa anaweza kukushukuru. Sanda haina haraka. Mwenye haraka ni mgonjwa."

"Na mwenye njaa," alisema Jovina, akipakua ndizi.