Anwani ya Mtu Mmoja

Saa ya chakula cha mchana mkahawa ulikuwa umefurika, na kijana mwenye shati la kijani alikaa kwenye meza ya Yoke Lan kabla hajaruhusiwa.

"Dada, viti vimekwisha. Nihurumie, tambi zangu zinapoa."

"Unauza nini?"

"Miwani. Ila sasa hivi nataka kula tu."

Yoke Lan akacheka, naye si mtu wa kucheka ovyo. Kazi yake ilikuwa katika chama cha kutetea wanunuzi hapo mjini George Town, akishinda na malalamiko ya watu waliozongwa na barua pepe za matangazo wasizoziomba. Kila duka alilipatia anwani yake tofauti ya barua pepe, ili takataka zikiingia ajue nani kamuuza. Hata kijana huyo muuza miwani, Weng Keat, alipoomba mawasiliano alitengenezewa yake.

"Hii ni yako peke yako," alimwambia.

Keat alidhani ni mahaba. Kumbe ni mtego.

Wakapendana kweli kweli, hadi Jumatatu moja anwani ile ilipojaa matangazo ya magauni ya harusi, keki za ghorofa na kumbi za kukodi. Yoke Lan akapiga simu palepale.

"Keat, umeniuza kwa nani?"

"Mpenzi, umekula?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Matangazo ya harusi yametoka wapi? Bibi harusi nani?"

"Hilo siwezi kulisema kwenye simu."

"Basi usiniambie tena chochote." Akakata, akalia chooni, akaosha uso, akarudi mezani akiwa ameshaamua kumwacha.

Haikupita saa Keat akaingia ofisini, jasho linamtiririka, shati limechomoka.

"Nilikwenda maonyesho ya harusi kuulizia bei ya pete. Muuzaji akagoma kunitajia bila barua pepe. Ya dukani kwetu anaisoma dada yangu, angemwambia mama kabla sijakuuliza wewe. Nikaandika ile uliyonipa."

"Na alama ya kukubali matangazo kwenye fomu?"

"Walishaiweka wenyewe. Sikuiona."

"Muuza miwani hukuiona!"

Wenzake Yoke Lan wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, bado alikuwa akitafuta uongo mahali fulani usoni mwa yule kijana.

"Pete ya nani?"

"Yako, ukinikubali."

Yoke Lan akanyamaza.

"Nihesabu umekubali?"

"Thubutu! Hivyo ndivyo wanavyofanya wale ninaopigana nao kila siku. Mtu akinyamaza hajakubali. Uliza vizuri, halafu ungoje."

Keat akauliza vizuri. Akangoja. Yoke Lan alimtazama kwa muda mrefu, akatafuta kasoro, akaikosa, na kuikosa kukamtia hofu kuliko uongo wote aliowahi kuufumania.

"Nakubali," alisema, ofisi nzima ikasikia. "Ila lile duka la pete nalishtaki leo leo, na pete utanunua kwingine."