Mwingereza Aliyekosa wa Kumsemea

"Huyu kijana mimi simjui."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, kupitia mlango wa chumba cha kulala, nyumbani kwa baba yangu, Louisville. Nilikuwa nimefungiwa ndani na binamu zangu, kitenge kipya kiunoni, kilemba bado hakijakaa sawa, nikisubiri kuitwa sebuleni.

Na aliyeyasema hakuwa adui. Alikuwa ni mzee aliyetoka Buffalo kuja kuniposa kwa niaba ya mchumba wangu!

Hata watoto waliokuwa wanagombania soda sebuleni waliacha.

Wapendwa, naomba mniache nimalize kwanza. Matusi mtaweka kwenye comments.

Naitwa Nsimire. Ni Mkongo wa Bukavu niliyekulia Nairobi, ndiyo maana Kiswahili changu kina viraka. Siku hizi naishi Kenmore, juu kidogo ya Buffalo, natunza wazee.

Trevor nilimpata laundry, siku mashine yake ilipomwaga maji ya sabuni kwenye viatu vyangu. Aliomba radhi mpaka nikacheka. Ni Mwingereza wa Stoke, injinia kwenye kiwanda kimoja huko Tonawanda. Mpole, anapika, anasikiliza. Nilimpenda, na mimi sijui kupenda nusu nusu.

Nilipomwambia baba kwamba Trevor anataka kuja nyumbani, hakuuliza kazi wala dini. Aliuliza swali moja tu kwenye simu.

"Bon. Batu yake iko wapi?"

Yaani watu wake. Kwetu mwanaume haji kuposa peke yake, na siku hiyo yeye hafungui mdomo. Anasemewa. Mzee wa upande wake ndiye anayesimama na kusema huyu ni mtoto wetu, mkipata shida naye mtuite sisi.

Huku Marekani, ambako wengi hatuna baba wala mjomba wa karibu, tunaazimana. Wa Bukavu anasimamiwa na wa Goma. Mkisii anasimamiwa na Mluhya, na akikosekana kabisa, hata Mganda anatosha. Lakini msidanganyike, si maigizo. Mzee akishasimama, ni baba yako kweli. Ndoa ikiyumba ndiye anayeitwa, na anakuja.

Nikamweleza Trevor. Akasema ndugu zake wote wako Stoke, na Buffalo nzima hamjui Mwingereza hata mmoja.

Baba aliposikia hivyo akacheka. Akasema Buffalo imejaa Wazungu wa Ulaya, Wapolandi, Waitaliano, Wagiriki, sasa shida iko wapi? Kijana amchukue mmoja wa ndugu zake aje naye.

"Hao si ndugu zangu," Trevor akasema nilipomfikishia. "Hao ni watu wa Ulaya. Mimi ni Mwingereza."

Nilidhani anatania. Sisi tuliokulia Nairobi, Uingereza ndiyo Ulaya yenyewe, ndiyo ya kwanza kutajwa! Lakini wapi, alikuwa serious kabisa. Akanieleza kwamba kati yao na Ulaya kuna bahari, kwamba walipiga kura wakajitoa kwenye Umoja wa Ulaya, na kwamba hata zamani kabla ya kura, kwao mtu akienda likizo Uhispania anasema anakwenda Ulaya.

Nikamuuliza, sasa huyo anayekwenda Ulaya anakuwa ametoka wapi, Asia? Hakupenda.

Kiwandani kwao Wamarekani wanamweka fungu moja na Mwitaliano mmoja, wanawaita "the Europeans". Trevor anawasahihisha kila mara, nao hawaelewi anasahihisha nini.

Mwishowe alikubali kwa ajili yangu. Akamwomba mzee wa ghorofa ya chini kwenye jengo lake, Kazimierz.

Huyu ni Mpolandi, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu. Mimi namwita Mzee Kazi. Theluji ikianguka, akimaliza kukwangua gari lake anahamia la Trevor bila kuombwa. Alipoombwa aje asimame kama baba, aliinuka akaenda kunyoa ndevu. Alisema kijijini kwao nao wana mtu wa namna hiyo kwenye harusi, na si nafasi ya kuchezea.

Tukatoka Buffalo watatu, kwenye gari la Trevor. Mzee mbele, mimi nyuma nimebanwa na zawadi za posa, mablanketi ya mashangazi na suti ya baba. Tulilala Columbus kwa rafiki yangu Karimi, Mmeru mwenye ukarimu na mdomo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tulikuwa tumemaliza kula. Mzee Kazi alikuwa amekwenda kunawa mikono. Karimi akamuuliza Trevor kama huyo ndiye mzee wake wa kusimama, na Trevor, glasi mkononi, akajibu huku anacheka.

"Huyo? Huyo ni Mpolandi tu niliyemwazima. Sisi tulipiga kura nchi nzima ili tusiwe familia moja na hawa."

Karimi alicheka kidogo kwa adabu. Mimi niliona haya, nikamkanyaga Trevor mguu chini ya meza.

Kugeuka... mzee amesimama mlangoni, taulo mkononi.

Alikaa, akamsifu Karimi kwa chapati zake. Nikajipa moyo kwamba hakusikia. Lakini kesho yake, kutoka Columbus mpaka Louisville, alitazama dirishani njia nzima. Trevor alidhani ana usingizi.

Haya, sasa turudi pale mlangoni nilipowaacha.

Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, Salomon. Kwa sababu ana Kiingereza chake cha warehouse, ndiye aliyekuwa mkalimani pia. Alimuuliza mzee swali la desturi, kama huyu kijana ni wa kwao. Jibu mmeshalisikia.

"Donc, muzee," Salomon akasema taratibu, "mumetoka naye Buffalo mu gari moja, na unasema haumujue?"

Mzee Kazi akajibu kwa sauti ya chini, Salomon akitafsiri, mimi sikio limeganda kwenye ubao wa mlango.

"Jina lake nalijua. Gari lake nalijua. Kwetu mkesha wa Krismasi tunaweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni, na tangu ahamie pale yeye ndiye anayeilia. Lakini jana amesema mimi si mtu wake. Sasa nikisema uongo hapa, siku binti yenu akilia mtanipigia mimi. Nitakwenda kugonga mlango, na yeye ataniuliza, wewe ni nani?"

Trevor akasahau kwamba haruhusiwi kufungua mdomo. Nikamsikia akisema ulikuwa utani tu.

"Utani," mzee akarudia.

Akawaambia wazee kwamba kabla ya kuja Marekani aliishi Uingereza, mji wa Derby. Trevor alijua hilo juu juu, hakuwahi kuuliza zaidi. Mzee alikuwa na jirani huko. Alimtengenezea geti, akamtengenezea mpaka baiskeli za watoto. Asubuhi baada ya ile kura walikutana nje, jirani akatabasamu, akamuuliza anarudi kwao lini.

"Mke wangu alilia. Jirani naye akasema ni utani tu."

Salomon alisita katikati ya kutafsiri. Mle sebuleni hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kuulizwa anarudi kwao lini. Nairobi tuliulizwa. South End, mtaa wa nyumbani Louisville, tunaulizwa mpaka kwenye kituo cha basi.

Baba ndipo akasema neno. Akauliza, kama kijana humjui, wewe umekuja kufanya nini?

"Nimekuja kwa ajili ya binti. Huyo namjua."

Jamani... nililia mpaka wanja ukafika shingoni.

Kelele zikaanza. Wajomba wanataka Trevor atoke. Shangazi anasema mtu asiye na watu hapewi mtoto, hata awe nani. Baba akawanyamazisha wote, akasema binti aulizwe mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa, nikatoka.

Trevor alikuwa kwenye kochi peke yake, uso mwekundu, nafasi ya pembeni yake tupu. Mzee Kazi alikuwa amesimama dirishani. Mablanketi na suti vimepangwa katikati ya sebule.

Trevor akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo, mengine tutayamaliza nyumbani. Na mimi nilitaka. Mungu ni shahidi, nilitaka.

"Nsimire," baba akasema. "Tupokee ao turudishe?"

Nikawaza. Mtu amekula mezani kwako, umemkwangulia gari theluji, na kukukana kumemchukua glasi moja ya juisi. Je, mimi? Mimi mkimbizi, mweusi, wa lugha asiyoijua? Siku marafiki zake wa Stoke watakapomuuliza huyu ni nani, nitakuwa Mkongo tu aliyemwazima?

"Rudisheni," nikasema.

Hakuna aliyetarajia, hata mimi mwenyewe. Trevor aliinuka, akabeba yale mablanketi moja moja mpaka kwenye gari, na hakuna aliyemsaidia. Mimi na Mzee Kazi tulirudi Buffalo kwa basi.

Nikamblock kila mahali. Nilikonda, nikawa nalia chooni kazini, halafu natoka natabasamu na kuwalisha wazee uji. Nilijiona mjinga. Nilijiuliza ni mwanamke gani anamtema mwanaume anayempenda kwa sababu ya Mpolandi wa ghorofa ya chini.

Wiki zikapita. Siku moja baba akanipigia, akaniambia Jumamosi niwe Louisville, kuna wageni. Hakusema wageni gani.

Nafika, naingia sebuleni...

Trevor yuko kwenye kochi, amevaa suti. Mzee Kazi yuko kwenye kochi. Na katikati yao, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, gauni la maua, anapepesa macho kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Mama yake Trevor. Kutoka Stoke!

Yaliyotokea niliambiwa baadaye. Trevor alishuka akagonga mlango wa mzee, bila maua, bila hotuba. Alisema tu, niambie habari za Derby. Akakaa, akasikiliza mpaka supu ikapoa. Kesho yake akarudi tena, na kesho kutwa.

Mzee alipoona ameanza kuwa mtu, akamuuliza mama yake alisemaje kuhusu ile posa. Trevor akainamisha kichwa.

Kumbe hakumwambia! Mama yake alijua mtoto wake amekwenda Louisville kutembea tu!

Niliposikia hilo damu yangu ilichemka upya. Kile nilichokiogopa siku ile nimesimama sebuleni, tayari alikuwa ameshakifanya. Alikuwa ameniacha nje ya kwao kama alivyomwacha mzee. Ni Mzee Kazi aliyeshika simu akampigia yule mama, akamwambia mwanao anaoa, panda ndege.

Basi Salomon akasimama. Kabla ya swali la desturi, na nadhani kwa uchokozi, akamuuliza mama kwa Kiingereza chake kama wao ni Wazungu wa Ulaya.

Mama akashtuka kama aliyeulizwa umri.

"Hapana, mpenzi," akasema. "Sisi ni Waingereza."

Trevor akafumba macho. Baba akaweka kikombe chini. Wote tukamgeukia Mzee Kazi, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na yule mama, amemshikia mkoba wake magotini. Nilijua akisimama kutoka kwenye lile kochi, yamekwisha, na safari hii hakuna wa kuturudisha.

Mzee akabaki ameketi.

"Ndivyo walivyo," akasema. "Nimewasikia wakisema hivyo tangu nikiwa Derby. Huyu kijana naye juzi nimemuuliza, akasema bado hajui yeye ni nani. Angalau hakunidanganya. Lakini akikosea, msimpigie mama yake, yuko mbali. Nipigieni mimi. Wanatusumbua sana hawa, lakini ni wetu."

Salomon alitafsiri mpaka mwisho bila kusita. Mama yake Trevor, ambaye nadhani hakuelewa nusu ya mambo, akamshika mzee mkono, akasema asante.

Baba akanigeukia. Nikamtazama Trevor kwanza, kwa muda mrefu.

"Pokeeni," nikasema.

Vigelegele vya siku hiyo, waulizeni majirani wa South End.

Somo langu kwenu ni hili, hasa dada zangu. Ukitaka kumjua mtu, usisikilize anavyokusifia wewe. Sikiliza anavyomtaja aliyemtendea wema, pindi huyo mtu akishatoka chumbani. Ukimsikia anamkana, ujue foleni inasogea na wewe umo. Na akikosa, mrudishe kwa hao aliowakana akajifunze kuuliza habari zao. Akikataa kwenda, kitenge kivue, urudi kazini.

Kama Mwingereza ni wa Ulaya au si wa Ulaya, mimi sijui, na nimeolewa kwao nikagundua hata wenyewe hawajui. Msiniulize kwenye comments.

Wiki iliyopita tuligombana vibaya, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Trevor akasema mambo ya ndani ni ya watu wawili. Mimi nikavaa ndala, nikashuka ngazi.

Mzee Kazi akapanda na koti juu ya pajama. Akavuta kiti, akaketi mezani kwetu, akamtazama Trevor.

"Anza wewe," akasema. "Nina siku nzima."