Hodi Katika Uwanda wa Chumvi

Jua la Al Quoz, Dubai, lilikuwa linazama nyuma ya mabohari Roselyne aliporudi kutoka dukani, chai ya maziwa mkono mmoja, chapati mkono wa pili. Ilikuwa mwaka 2014. Mdogo wake Boaz, mlinzi wa bohari walilofanyia kazi, alimfungulia mlango wa chuma, kisha akaushusha na kuufunga kwa ndani kama alivyoagizwa kufanya kila magharibi.

"Umewaambia waongeze sukari, dada?"

"Kunywa, wacha maneno. Ijumaa utakunywa ya Mama."

Boaz akacheka. Ijumaa alikuwa anakwenda likizo kwao Webuye, Kenya, mara ya kwanza tangu Roselyne amtafutie kazi Dubai. Mama hakuwa amependa kabisa habari ya Boaz kwenda Dubai. Siku ya kuagana alimshika Roselyne mkono, akamwambia, "Umemtoa wewe, umrudishe wewe." Roselyne alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Boaz alikuwa kitinda mimba, na Mama akishika jambo haliachi.

Kazi ya Roselyne ilikuwa kupiga picha kurasa za maandishi ya kale ya matajiri. Fungua, bonyeza, geuza. Hakutakiwa kusoma. Lakini jioni hiyo madam, bosi wake, alitaka maandishi ya Profesa Brandl yamalizike kabla basi la kampuni halijaja, na maandishi yenyewe, yaliyokuwa yametafsiriwa kwa Kiingereza, yalimshika. Brandl alikuwa mwanajiografia kutoka Austria, aliyezunguka Bolivia zamani pamoja na mdogo wake wakichora ramani. Sasa walikuwa wamefika kwenye uwanda wa chumvi, weupe mtupu hadi macho yanapokoma.

Alijiona anajua kila kitu, mzungu yule. Alipima kina cha chumvi, akapima upepo, halafu akawapima na wapagazi wake, akaona wamepungukiwa akili. Kisa? Jua likishazama walikaa hemani kimya, na sauti yoyote ikiita kutoka nje hawakuitika mpaka wamwone mwenye kuita. "Ujinga wa kitoto," aliandika.

Roselyne akatabasamu. Bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Giza likiingia, ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo. Ukiitika ovyo, kofi.

Akabonyeza. Akageuza.

"Jioni hiyo," aliandika Brandl, "nilisikia mtu akibisha nje ya hema kwa namna ya kijiji cha mama yangu. Niliitika. Nani asingefurahi, mbali vile na kwao?"

"Hodi..."

Roselyne akainua uso.

"Hodi wenyewe..."

Ilikuwa sauti ya kuvuta, ya mtu aliyesimama uani kwenu na kuku wanaingia bandani. Miaka yote ya Dubai watu walimbonyezea kengele tu. Hakuna aliyewahi kumpigia hodi. Moyo ukalainika kabla akili haijafika.

"Karibu!" akaitika.



Boaz akachungulia chumbani, kikombe mkononi. "Unaongea na nani?"

"Si kuna mtu amepiga hodi?"

"Hodi? Hapa? Dada, umechoka. Mimi niko mlangoni na sijasikia kitu."

Akarudi kwenye kiti chake. Roselyne alikisikia kiti kikilia chini ya uzito wake, akatulia.

Halafu harufu ikaja.

Chumvi... chumvi mbichi. Na baridi, ile ya alfajiri ya milimani, si ya kiyoyozi. Roselyne akageuza ukurasa kwa haraka. Hakukumbuka kubonyeza.

"Asubuhi mdogo wangu hakuwepo," alisoma. "Yeye ndiye aliyelala karibu na mlango wa hema. Mpagazi mkuu hakunilaumu. Alisema kitu kinachobisha hakijali nani amekikaribisha. Kinamchukua aliye mlangoni. Akasema tena: wewe, kwa kuitika kwako, umekionyesha njia ya kwenu."



"Boaz," akanong'ona.

Kiti kikalia. Mara moja tu.

"Boaz!"

Akakimbia kati ya masanduku hadi mlangoni. Kiti kilikuwa kitupu. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, funguo zikining'inia kwenye kufuli. Na sakafuni, kutoka kizingitini hadi kwenye kiti, palikuwa na nyayo za chumvi nyeupe.

Za kuja. Za kurudi hazikuwepo.

Alimtafuta chooni, nyuma ya masanduku, juu ya rafu. Alimpigia simu, ikalia ndani ya koti lililotundikwa kitini. Himid, dereva wa basi, Mzanzibari mtu mzima, alipofika akamsaidia kutafuta tena. Mwisho alisimama mbele ya zile nyayo, akamvuta Roselyne mkono.

"Usizikanyage, mwanangu," alinong'ona.

Ndipo simu yake Roselyne ikaita.

Mama.

Aliiangalia ikitetemeka kiganjani. Atamwambia nini? Aanzie wapi? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akapokea.

Mama alikuwa anacheka. "Roselyne! Mlitaka kunishtua, eh? Ijumaa, Ijumaa, kumbe mtoto yuko uani!"

"Mama... unasema nini?"

"Boaz! Si namsikia hapo nje anapiga hodi? Asante, mwanangu. Umemtoa wewe, umemrudisha wewe."

Dubai giza lilikuwa limeshaingia. Webuye, saa zao zikiwa nyuma, ndiyo kwanza magharibi ilikuwa inaingia.

"Mama, umemwona? Umemwona uso?"

"Nitamwonaje na mlango umefungwa?"

"Usiitike! Mama, nakuomba! Bibi alitukataza..."

Lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Alisikia kandambili za Mama zikielekea mlangoni, haraka, kama za msichana. Na kwa mbali akaisikia sauti ya mdogo wake, ila sasa ilikuwa inavuta.

"Hodi wenyewe..."

"Karibu, baba! Karibu nyumbani!"

Roselyne akapiga kelele hadi Himid akaziba masikio. Kule Webuye, komeo likalia.

Mara moja tu.