Jibu la Koleo Dirishani

Kila siku akitoka shule, Koleo alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaingia sebuleni kung'oa misumari. Sebule yao ilijaa makochi, lakini halikuwepo hata moja la kukalia. Yote yalikuwa ya watu. Mama yake alikuwa fundi wa makochi. Yaliyochanika, yaliyobonyea, hata yaliyokojolewa na watoto wa wenyewe, yote yalipita mikononi mwake. Kazi ya binti ilikuwa kuyavua kitambaa cha zamani, na kwa kuwa alishika koleo la kung'olea misumari tangu alipokuwa mdogo na hakuliachia, jina la kwenye cheti likabaki la shuleni. Nyumbani na mtaani aliitwa Koleo.

Bibi, mama mzazi wa baba yake, alikaa kwenye kigoda akiokota misumari iliyoanguka.

"Taratibu, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Hicho kitambaa hakijakukosea."

Jioni simu ililia. Mama aliiegemeza kwenye kopo la gundi na wote watatu wakabanana mbele yake. Baba alifanya kazi nchi ya mbali, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Fundi mkuu hajambo? Na msaidizi wake? Na yule msimamizi mkali wa misumari, bado mnamlipa?"

"Mwambie mshahara wangu haujafika," bibi alijibu, akijifanya haangalii simu.

Baba alikuwa ameiombea familia yake ruhusa ya kuhamia huko kwa njia ya sheria. Ombi lilipokelewa Koleo akiwa bado darasa la nne. Sasa alikuwa darasa la saba, na kila walipouliza waliambiwa lile lile: linashughulikiwa, subirini. Walikuwa wameshazoea kusubiri kama watu wanavyozoea kuishi karibu na barabara yenye kelele.

Kisha mgongo wa baba ukaharibika. Mashuka yaliyolowa ni mazito, naye aliyabeba miaka mingi. Mguu mmoja ulianza kufa ganzi, halafu wa pili. Daktari alisema apasuliwe upesi, la sivyo hatatembea tena. Baada ya upasuaji angelala muda mrefu bila kuweza kujigeuza.

"Nani atamgeuza?" bibi aliuliza.

Baba huko alikuwa na wenzake wa kazi tu, nao hawakuruhusiwa kukosa zamu.

Mama alifikiri siku kadhaa, akipiga misumari. Mwishoni alisema wataomba kibali cha kutembelea, yeye na Koleo, kwa kuwa shule zilikaribia kufungwa. Watakaa na baba mpaka aweze kukaa mwenyewe, kisha watarudi kuendelea kusubiri lile ombi kubwa.

Habari zilipomfikia mjomba, kaka yake mama, alikuja mbio. Mtaani walimwita Mkato, kwa sababu hakuna jambo ambalo hakulijulia njia ya mkato. Alijitupa kwenye kochi lililokuwa karibu, akaruka akijishika kiuno.

"Hilo bado halina sponji," mama alisema.

"Ungeniambia mapema. Haya, dada, ukifika ubalozini, pale dirishani, utawaambia nini?"

"Kwamba nakwenda kumuuguza mume wangu."

"Basi umeshanyimwa. Mtu ana mume kule, na ombi la kuhamia liko mezani kwao, halafu aseme anakwenda kutembea tu na atarudi? Watasema huyu akiingia hatoki. Sema mumeo alishafariki. Unakwenda kutazama maonyesho ya samani. Kwani wewe si fundi?"

Bibi aliinuka na misumari yake kiganjani, akatoka nje.

"Umesikia unachokisema mbele ya mama yake?" mama aliuliza.

"Ni maneno tu, dada. Maneno hayaui mtu."

"Basi sema wewe ndiye umekufa, tuone."

Mjomba alicheka, lakini alipokuwa akiondoka alimvuta Koleo mlangoni. "Mama yako kichwa kigumu," alimnong'oneza. "Wewe una akili. Ukiona amekwama, mkwamue."

Maneno hayo yalimwingia Koleo. Hakuwa mtoto mwongo. Lakini kichwani alimwona baba amelala kifudifudi katika chumba asichokijua, akiita, na hakuna wa kumgeuza.

Siku ya usaili walifika ubalozini asubuhi, wamevaa nguo zao nzuri. Walikaa kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni. Watu walinong'ona kama wako msibani. Mama alipoitwa, Koleo aliambiwa abaki kwenye kiti chake. Kutoka pale aliona mgongo wa mama tu na mikono yake ikieleza mambo mbele ya kioo. Mara ikaonyesha urefu wa kochi, mara ikagusa kifua. Halafu mama akainamisha kichwa na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Amekwama, Koleo aliwaza.

Ofisa alimpa mama ishara akae, akamwita mtoto. Alikuwa mwanamume wa makamo, akiongea Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Usiogope. Unakwenda kumtembelea nani?"

"Hakuna mtu," Koleo alisema. "Tunakwenda kutazama maonyesho ya samani."

"Baba yako yuko wapi?"

"Amefariki."

Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia.

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Pole," ofisa alisema. Aliangalia karatasi zilizokuwa mbele yake kwa muda mrefu. "Mama yako ameniambia baba yako anasubiri kupasuliwa. Hii hapa barua ya daktari wake. Ameniambia pia kuhusu ombi lenu la kuhamia, kabla sijamwuliza. Nilikuwa karibu kumkubalia. Sasa nimwamini nani?"

Koleo aligeuka kumtafuta mama kwa macho.

Mama aliitwa tena dirishani. Ofisa alimweleza alichokisikia, kisha akamrudishia pasipoti zote mbili. "Siwezi kuendelea leo."

"Bwana, huyu ni mtoto," mama alisema.

"Ndiyo maana nilimwuliza. Kwa kawaida watoto hunisaidia."

Walitembea mpaka kituo cha basi. Waliketi kwenye benchi, watu wakipita mbele yao na mizigo yao.

"Nani alikufundisha?"

"Mjomba. Lakini aliyesema ni mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuona unalia. Nilidhani umekwama."

Mama alitazama magari. "Nililia kwa sababu alikuwa ananisikiliza," alisema.

Jioni ile simu haikulia. Wala kesho yake. Mama alipiga, sauti ikamwambia mteja hapatikani. Alipiga tena mpaka akaichoka ile sauti. Koleo alikaa mbele ya kochi na koleo lake. Msumari uliotaka mvuto mmoja sasa ulimshinda. Alijua maneno hayaui mtu. Mjomba alisema, na mwalimu wa sayansi angesema hivyo hivyo. Hata hivyo yeye alisema baba amekufa, na tangu aseme hivyo baba hakusikika tena.

Siku ya tatu alishindwa kuvumilia.

"Bibi," alisema, "kule dirishani nilisema baba amefariki."

Bibi alikuwa ameinama akiokota. Mkono wake ulisimama.

"Ulimwambia nani?"

"Ofisa."

"Akasemaje?"

"Alisema pole."

Bibi aliweka misumari chini, mmoja mmoja. "Kwa hiyo pole ya mwanangu imeshatolewa," alisema, "na mimi niko hapa sina habari."

Baada ya hapo bibi hakusema zaidi ya yaliyolazimu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeogopa kufungua mdomo asije akasikia kitakachotoka. Koleo angependa hata achapwe, jambo liishe. Lakini hakuna aliyemchapa, na hakuna alichoweza kufanya.

Simu ililia mwisho wa juma kwa namba ngeni. Mama aliidaka. Alisikiliza, akakaa chini palepale sakafuni. "Ni yeye," aliwaambia. "Simu yake ilisahauliwa mfukoni mwa aproni, ikafuliwa pamoja na mashuka." Alitoka nayo uani, akaongea huko kwa muda. Aliporudi uso wake ulikuwa umechoka. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imepangwa, na isingengoja mtu.

"Mama, nirudishe kule," Koleo alisema. "Nitamwambia yule ofisa ukweli."

Kurudi haikuwa rahisi hivyo. Askari wa getini aliwaambia siku yao imepita, waombe kupangiwa nyingine. Waliomba. Jibu halikuja. Walikwenda tena wakasimama juani, askari akasema, "Nyie tena? Mama, mimi sina ufunguo wa vichwa vya maofisa. Nendeni nyumbani." Hakuwa mtu mbaya, hata aliwapa maji. Walirudi nyumbani, mama akaendelea kupigilia kitambaa kwenye kochi la mteja, na tarehe ikaendelea kusogea. Koleo aligundua kwamba uongo aliusema kwa pumzi moja, lakini nafasi ya kuufuta ilibidi waiombe kwa watu wengi.

Mwishowe walipangiwa. Dirisha lilikuwa lile lile, na ofisa yule yule. Safari hii waliitwa pamoja, na Koleo akaomba aanze yeye.

"Baba yangu yuko hai," alisema. "Mgongo wake umeharibika. Mama alikwambia kweli, mimi nilidanganya. Nilidhani namsaidia."

"Na leo nitajuaje kwamba hudanganyi?"

Koleo alitafuta jibu. Aliangalia kioo, akaona uso wake mwenyewe juu ya tai ya ofisa. "Sijui," alisema. "Ukitaka kumnyima mtu, ninyime mimi."

Ofisa alimgeukia mama, akamwuliza upya maswali yote. Mume wako anafanya kazi gani? Ombi lenu la kuhamia mlilipeleka lini? Utarudi lini, na kwa nini nikuamini? Mama alijibu kama alivyojibu mara ya kwanza. Makochi ya wateja yanamngoja, mama mkwe ni mzee, na hawezi kuharibu ombi la familia nzima kwa kukaa kinyume cha ruhusa.

Ofisa alizipanga karatasi upya. "Mama utakwenda," alisema. "Binti atabaki."

Mama alitaka kusema neno.

"Simwadhibu," ofisa alisema. "Huyu amenipa maneno mawili. Wewe umenipa neno moja mara mbili. Hilo ndilo ninaloweza kulitumia."

Mama aliondoka na begi dogo. Mlangoni alimshika Koleo mabega. "Mwangalie bibi. Nitarudi siku niliyoitaja pale." Mjomba Mkato alimwambia Koleo asijisumbue kuhesabu, kwamba hakuna mtu anayefika kule akarudi. Ukweli ni kwamba mama alirudi siku ile ile aliyoitaja, amekonda, na kesho yake akachukua nyundo. Lakini hayo yalikuwa bado mbele, na Koleo hakuyajua. Siku ya upasuaji ilipofika, alichojua ni kwamba baba anapasuliwa, na kwamba ni kosa lake yeye Koleo kutokuwepo kule.

Siku hiyo hakuna msumari uliong'olewa. Bibi alikaa kwenye kigoda, Koleo sakafuni, simu katikati yao. Mchana ukapita. Chai ikapoa. Jua lilikuwa limeanza kutoka dirishani simu ilipolia.

"Ametoka," sauti ya mama ilisema. "Amezinduka. Vidole vya miguu anavichezesha. Anamtaka huyo aliyemzika."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi, kisha sauti nyembamba ambayo Koleo ilibidi aisikilize kwa makini ili aitambue.

"Koleo. Nasikia ulinizika."

"Nisamehe, baba."

"Watu walikuja wengi?"

Alitaka kucheka, akalia. Baba alimwacha alie.

"Sikiliza, mwanangu," alisema baadaye, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Sisi tunaosubiri kwenye milango ya watu, hatuna nguvu ya kuifungua. Hatuna ndugu ndani. Tulicho nacho ni neno letu tu. Mama yako alilifikisha likiwa zima, wewe ukalivunja. Najua ulilivunja kwa kunipenda. Lakini lilivunjika vile vile. Siku nyingine ukimwona mtu wako anahangaika na ukweli, simama naye hapo hapo kwenye huo ukweli."

"Na kama tungenyimwa wote?"

"Mngenyimwa. Ningelala hapa peke yangu, na ingeniuma. Lakini siku mtakayorudi kuomba tena, wangekuwa na sababu ya kuwasikiliza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Haya. Hapa mama yako anataka kunigeuza, na mkono wake unaujua."

Bibi alikuwa amenyoosha mkono. Koleo alimpa simu. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Alisikiliza tu mtu akipumua upande wa pili.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "umekula?"

Koleo alisogeza sikio lake karibu na la bibi, ili naye asikie jibu.