Nilimpigia Mwano Mdogo Wangu kwa Ajili ya Seva

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka hamsini na mbili. Ni mjane, naishi Somanda hapa Bariadi, na nyumbani kwangu kuna mwanaume mtu mzima ambaye kila asubuhi nampeleka chooni kwa kumshika mkono. Si mume wangu. Ni mdogo wangu Shija, na aliyemtia upofu ni mimi.

Naitwa Kulwa. Pacha wangu Doto alifariki tukiwa wachanga, na aliyetufuata tumboni akaitwa Shija kama ilivyo kwetu Wasukuma. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, leo yupo, kesho yuko malishoni. Shija nilimlea mimi, kwa ugali na kwa makofi.

Nasema makofi kwa sababu sitaki mnionee huruma mapema. Mimi nina hasira. Niliwahi kumng'ata mgambo sokoni akaachia kapu langu. Niliwahi kumpasua mteja mdomo kwa mashine ya kubana karatasi kwa sababu alinitolea maneno machafu. Watu walicheka, wakanipa jina la Mama Ngumi, na mimi mjinga nikalifurahia.

Miaka ile ya soko huria Bariadi ilikuwa imechangamka. Ushirika umelegea, kampuni binafsi za pamba zinamiminika, kila moja inataka ofisi, simu na barua pepe. Nilikuwa na chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Shija alikuwa ametoka Mwanza kujifunza kompyuta. Akaniambia, dada, tununue seva. Hiyo ni kompyuta kubwa isiyozimwa, inayotunza barua na kumbukumbu za wateja wote, na kompyuta nyingine zinachota kwake.

Tukanunua. Lakini tungeiweka wapi? Kwangu umeme ulikuwa unakatika mara tano kwa siku, na vumbi la kiangazi mnalijua.

Kulikuwa na bwana mmoja tuliyemwita Madishi, kwa sababu ya dishi kubwa la intaneti juu ya paa lake. Alikuwa na chumba chenye jenereta, betri na kiyoyozi, na ndani yake kabati refu la chuma lisilo na milango, lenye ngazi kumi. Waliliita raki. Madishi alipangisha ngazi moja moja. Mimi nilipanga ya nne kutoka chini, kampuni moja ya pamba ilikuwa ya tano, juu yangu. Seva yangu ikakaa pale kwenye baridi na waya ukavuka barabara mpaka ofisini kwangu. Nilikuwa naenda kuiangalia tu taa zake zikiwaka, nikajiona tajiri.

Sheria ya chumba ilikuwa moja. Hakuna kutoa mtambo bila kuandika kwenye daftari la mlangoni: jina, unatoa nini, kwa nini, unapeleka wapi.

Mwaka wa pili Shija akaanza kuniambia tuhame. Alisema seva imekuwa nzito, inapoteza barua, na yeye hamwamini Madishi. Nikamjibu kwamba fundi asiyejua kazi husingizia chumba. Akabisha mbele ya wateja... nikamzaba kofi. Mwanaume wa miaka ishirini na sita, nikamzaba kofi mbele ya watu. Akashika shavu, akasema taratibu, "Ilumbu, utakuja kunisikiliza lini?" Ilumbu ndivyo tunavyoitana nyumbani, kaka na dada.

Wiki ile ile mama mkwe wangu akafariki, nikaenda Nkoma msibani. Kule simu zilikuwa hazishiki. Nilikaa siku nne, nikarudi na basi la asubuhi. Nilipita kwanza chumba cha mitambo, kabla hata ya kufika nyumbani.

Madishi alikuwa mezani mlangoni, ameegemeza kiwiko juu ya daftari. Hakunipa hata pole ya msiba. Alinyoosha kidole kwenye raki. Ngazi ya nne ilikuwa tupu, nyaya zinaning'inia.

"Mdogo wako amekuuza, mama," akasema. "Ameichukua sasa hivi, amefunga kwenye baiskeli kwa kitenge cha njano. Ameshika njia ya Dutwa. Kuna watu wanazitaka kumbukumbu za wateja wako. Nilidhani umemtuma."

Ningesema, hebu inua kiwiko nisome. Ni maneno manne tu. Daftari lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Lakini mimi nililiona lile kofi, nikaona kisasi cha kofi, na damu ikanipanda mpaka machoni.

Nikatoka barabarani, nikapiga mwano.

Kwa wasiojua, mwano ni yowe la mwizi. Kwetu ukipigwa, mtu anaacha jembe, anaacha chakula, anachukua fimbo au upinde anatoka. Asiyetoka ana kesi na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Na hakuna anayeuliza. Anayelisikia analipokea na kulisukuma mbele, kijiji kwa kijiji, filimbi kwa filimbi, likimtangulia mwizi njiani. Ng'ombe wengi wameokolewa hivyo.

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Nikasema mwizi, baiskeli, mzigo wa kitenge cha njano, njia ya Dutwa. Sikutaja jina. Niliona aibu kutaja ndugu yangu. Na hapo ndipo nilipomponza, kwa sababu ningetaja jina Somanda nzima ingeuliza, Shija yupi, huyu Shija wetu? Nilichotaka ni wamzuie, wamtie adabu kidogo, nifike mimi nimalizie. Mungu wangu... ati kidogo.

Filimbi zikaanza kujibu upande wa mashamba. Madishi akatoka kusimama barabarani atazame, na mimi nikaingia ndani kunywa maji kwa maana koo lilikuwa linawaka. Daftari lilikuwa wazi mezani. Mwandiko wa Shija naujua, mimi ndiye niliyemfundisha kuandika.

Aliandika hivi: "Natoa seva ya dada Kulwa. Diski zilizomo si zetu, zetu zimehamishiwa mashine ya ngazi ya tano. Naipeleka Mwanza ikaguliwe kabla dada hajapata hasara. Napandia basi Dutwa."

Diski ndizo zinazobeba kumbukumbu zote ndani ya seva. Sijui nilisoma mara ngapi. Nilijikuta barabarani napiga kelele basi, basi, acheni, si mwizi. Watu wa Somanda walikuwa wameshakimbia. Sauti yangu ilikuwa inakwenda kwa miguu yangu, mwano ulikuwa unakwenda kwa midomo ya watu mia. Nikasimamisha pikapu iliyobeba magunia ya pamba, nikamshika dereva shati, nikamwambia asipoendesha namtoa macho. Akaendesha.

Kila kijiji tulichopita walikuwa wameshaupokea. Akina mama wamesimama kando ya barabara, wananionyesha kwa mkono kwamba wamekwenda mbele. Niliwapigia kelele wakanipungia. Walidhani nashangilia.

Tuliwakuta karibu na Dutwa, kando ya shamba la pamba. Walikuwa wamekaa chini wanapumzika, jasho linawatoka, fimbo miguuni. Baiskeli ilikuwa imekunjwa. Seva yangu ilikuwa barabarani, imepigwa mawe mpaka imefunguka, kitenge kimechanika. Mzee mmoja akaja kunipokea kwa heshima, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, pumzika. Huyu haibi tena."

Shija alikuwa mtaroni. Mikono yote miwili ilikuwa imevunjwa, maana mwizi huanzwa mikono. Kichwa kilikuwa kimevimba nisikijue. Jicho la kushoto halikuwepo mahali pake. Nikajitupa juu yake, mmoja aliyekuwa hajachoka akanipiga fimbo mgongoni akidhani nami ni mwenzake. Niliipokea. Natamani angenipiga zote.

Nikawaambia ni ndugu yangu, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja kupitia kwenye pamba, bila kukimbia, bila kuaga.

Shija akasikia sauti yangu. Akasema, "Ilumbu... umerudi. Diski zina alama yangu ya msumari. Usikubali wakudanganye." Akapoteza fahamu akiwa ananitunzia mali yangu.

Madaktari waliokoa uhai. Mikono iliunga vibaya, na jicho la kulia likazima ndani ya wiki kwa sababu ya mapigo ya kichwa.

Siku waliponiambia hilo nilitoka hospitali. Nikaokota nondo kwenye jengo lililokuwa linajengwa, nikaenda kwa Madishi. Nilimpiga begani nikasikia mfupa ukikatika. Alipoanguka nikamrukia teke la mbavu. Nikaingia chumbani nikaipiga ile raki. Nilianzia ngazi ya kwanza nikapanda, moja moja, mashine za watu zinapasuka zikitoa cheche, naita jina la Shija kwa kila pigo. Nilipofika ya tano niliipiga zaidi, kwa sababu ndimo zilimokuwa diski zangu. Nikazisaga mpaka zikawa vipande. Ndipo polisi wakanikamata.

Mnaona nilichofanya? Polisi waliuliza ushahidi kwamba Madishi aliiba diski. Ushahidi ulikuwa ile alama ya msumari. Niliusaga mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hasira ile ile. Nikakaa rumande miezi mitatu. Madishi alipona bega, akafunga chumba, akahama mkoa na hakuna aliyemgusa.

Waliompiga Shija nao hawakupatikana. Ukiuliza nani alianza, kila mtu anaonyesha kijiji cha nyuma. Polisi walipofika Somanda kuuliza nani alipiga mwano, majirani walinitazama, wakatazama chini. Walinihurumia, hawakunitaja. Madishi naye alikuwa ameshaondoka.

Wasomaji wenzangu, mkiweka mali yenu kwenye chumba cha mtu, someni daftari la chumba hicho kabla ya kumsikiliza mwenye chumba. Mkisikia mwizi, ulizeni jina. Hata kama wote wanakimbia, mmoja asimame aulize, anaitwa nani, mtoto wa nani? Na wewe mwenye hasira kama mimi, unayefurahia kuitwa Mama Ngumi, nenda ukanywe maji kwanza, ndipo ufungue mdomo. Mimi nilifungua mdomo kwanza. Nakuombeni, msipite nilikopita.

Kuna moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike.

Shija hajui. Miaka yote hii hajui ni nani aliyepiga. Anadhani ni mpita njia aliyekiona kitenge kipya. Kila Jumamosi namsomea gazeti, na ukurasa huu ndio anaoupenda, mikasa ya watu. Akishasikiliza huwa ananiuliza lile lile, "Dada, hivi yule aliyepiga mwano, unadhani anapata usingizi?" Mimi huwa nasema sijui, nakunja gazeti, naenda kumtengea uji.

Mkasa huu ukichapwa nitamsomea. Nitaanza na kichwa cha habari chenyewe, na sitaruka hata mstari. Nitafunga mlango watu wasiingie kuamulia, nitakaa chini pale anapofika kwa mkono, na fimbo yake ya kutembelea nitamwekea magotini.