Kulewa Bila Kunywa

Fundi seremala alikuwa ameapa: pombe basi. Huo ulikuwa mwaka wa pili, hajagusa hata tone. Mkewe alimwambia wazi kwamba siku akirudia, yeye na watoto wataenda kwa mama yake.

Basi jioni moja, fundi huyo akaingia akipepesuka. Macho mekundu, ulimi mzito, anacheka peke yake. Mkewe akamnusa mdomo. Pombe hainuki. Akajisemea kwamba walevi wa siku hizi wana mbinu. Jioni ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, fundi aliapa hajanywa, kichwa kinamgonga. Nani amsadiki? Kesho yake mchana mkewe akaanza kufungasha nguo, machozi yanamtoka.

Jirani yao muuguzi alimkuta katikati ya mabegi. Aliposimuliwa, hakumlaumu mtu. Aliuliza tu fundi anafanya kazi gani siku hizi.

"Anapaka vanishi makabati, dada. Amejifungia chumbani kule karakana, madirisha yote kafunga. Hataki vumbi ligande kwenye vanishi mbichi."

"Twende huko sasa hivi," muuguzi akasema.

Wakakimbia, kanga zinapepea. Mlango ulipofunguliwa, loo! Harufu iliwavaa. Kidogo tu, mke mwenyewe akaanza kuona kizunguzungu. Walimkokota fundi hadi nje.

"Na wewe umekunywa?" muuguzi akamuuliza mke.

"Sijanywa chochote."

"Basi na mumeo hajanywa. Mvuke wa vanishi unalevya kama pombe. Ukizidi, unaua."

Fundi alidhani maziwa anayokunywa na kitambaa anachofunga puani vinamlinda. Muuguzi akasema havisaidii. Afungue madirisha ya pande mbili, hewa ipite. Nje amwage maji, vumbi litulie. Moto usikaribie. Atoke mara kwa mara, na kichwa kikianza kuuma, aache kazi aende kwenye hewa safi. Akizidiwa, apelekwe zahanati.

Mke akamshika mumewe mkono. "Nisamehe, baba watoto. Ulisema kweli."

Wiki ile fundi alimaliza makabati madirisha yakiwa wazi. Kila jioni alirudi kwa mwendo wa kunyooka, akawabeba watoto mgongoni. Mkewe alijawa na furaha hata hakuweza kunyamaza. Alizunguka kwa wake wa mafundi wote, mlango kwa mlango, akiwaambia:

"Kabla hujafungasha, mwenzangu, nenda kwanza ukanuse chumba anachofanyia kazi."