Zamu ya Ojulong

Siku Ojulong alipoleta wimbo wake nyumbani, kuku waliingia kulala saa sita mchana.

Si mmoja wala wawili. Kuku wote wa boma, jogoo akiwa mbele, walijipanga wakaingia chini ya ghala la wimbi huku jua likiwa utosini. Akwi, mkewe Ojulong, alikuwa ameketi kizingitini na mimba yake ya miezi minane. Aliwaona, akacheka.

"Kuku yetu inaona hii ni usiku," alisema.

Mumewe alikuwa akizungusha hendeli ya gramafoni, na mama mkwe wake, Amulen, alikuwa kwenye kigoda mbele ya mashine, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Sindano ikashuka. Likaja gitaa moja, ikaja chupa ya soda iliyokwanguliwa kwa msumari, kisha sauti ya Ojulong mwenyewe, nyembamba, ikitokea mbali:

Elungat, toka ziwani, rudi nyumbani,
mama amepika, chakula chako kipo mekoni,
mlango haukufungwa.

Amulen alilia mpaka wimbo ukaisha. Alipokwisha kujifuta uso kwa leso yake, alisema neno moja tu: "Tena."

Huo ulikuwa mwaka 1963, na wimbo ule ulikuwa umemla Ojulong miaka kumi na mmoja. Watu husikia wimbo wa dakika tatu wakadhani umepatikana kwa dakika tatu. Wangemuuliza yeye.

Boma lao lilikuwa upande wa Uganda, kando ya njia ya Busia kwenda Tororo, na riziki yao, ukiacha shamba, ilikuwa samaki. Kila Alhamisi mmoja wa ndugu wawili, Elungat au Ojulong, alipanda baiskeli kwenda Majanji ziwani kuchukua samaki wa kuuza. Walipokezana zamu. Alhamisi moja ya mwaka 1952 zamu ilikuwa ya Ojulong, lakini kulikuwa na sherehe ya pombe kijijini Nabuyoga, na wenye pombe walimtaka yeye na gitaa lake. Akambembeleza kaka yake. Elungat alimcheka kwa ile sauti yake nzito, akamwita mvivu, akachukua baiskeli akaenda. Huko Majanji samaki walichelewa, naye akaingia katika mtumbwi mmoja kwenda kuwasaidia wavuvi kuvuta nyavu. Dhoruba ikaupindua. Watu wanne waliokotwa. Elungat hakuonekana, si mwili wala shati lake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sikatai. Lakini Amulen alikuwa na wana wawili, na tangu siku ile akawa kama hana hata mmoja. Hakumwita tena Ojulong kwa jina. Alimwita "wewe". Wewe, leta kuni. Wewe, njoo kula. Mara moja tu alisema naye maneno zaidi ya hayo: "Mdomo wako ndiyo ilimpeleka mtoto wangu. Mdomo wako imrudishe."

Maskini, Ojulong aliyashika maneno hayo kama sharti la msamaha. Ataimba jina la kaka yake mahali ambapo halitafutika, na siku hiyo mama atamwita mwanawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka mgongo ukamuuma. Alipiga gitaa katika vilabu vya Malaba ambako walevi walimtemea mate. Alibeba matofali Tororo. Mara tatu alipanda gari la moshi kwenda Nairobi. Mara ya kwanza wenye studio walimwambia gitaa lake linalia kama debe. Mara ya pili alipanga foleni siku mbili kwenye baridi, na zamu yake ilipofika sauti ilikuwa imekauka. Mara ya tatu mtu mwingine alichelewa, na fundi, huku anamenya ndizi, akamwambia aingie aimbe mara moja, asirudie. Akaimba mara moja. Kutoka studio alipewa santuri moja ya kwenda nayo nyumbani. Gramafoni alipewa na Jared, mwenye duka la Busia upande wa Kenya, baada ya kumpigia muziki mbele ya duka wiki mbili nzima. Basi alirudi nyumbani na mashine imefungwa nyuma ya baiskeli, anaimba njia nzima.

Na mama alisema "Tena". Hakusema "mwanangu".

Amulen alijifunza upesi kuzungusha hendeli. Ikawa kila saa sita mchana anapika ugali wa wimbi na samaki, anaweka sahani moja mekoni, anaupiga wimbo. Ukiisha, kigoda cha mekoni kilikutwa kimelowa. Chakula hakikuguswa, lakini kilikuwa cha baridi kana kwamba kimelala siku tatu, na ukikionja hakina chumvi hata chembe. Watu wa pwani husema jini huja na harufu ya udi. Huyu alikuja na harufu ya tope na ya nyavu zilizokunjwa mbichi. Jared alipoelezwa alisema hilo ni jini, hakuna jina jingine. Wateso, watu wa kina Ojulong, humwita eparait, marehemu mwenye njaa na baridi. Amulen alimwita mwanawe, na alianza kucheka peke yake.

Akwi alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumpa jina, wanawake walikusanyika, na Amulen, kama ilivyo desturi, akachovya kidole katika pombe ya wimbi, akakiweka kwenye midomo ya mtoto akitaja majina ya wazee waliotangulia. Jina ambalo mtoto atalinyonya, hilo ndilo lake. Alitajwa Emong, babu yake. Mtoto akageuza uso. Wakatajwa wengine watatu, akageuza uso. Kisha Amulen akainama, akanong'ona: "Elungat."

Mtoto alikinyonya kile kidole mpaka bibi akasikia maumivu.

"Hiyo jina hapana, Mama," Akwi alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mtu hakuzikwa."

"Mtoto amechagua," Amulen alijibu, na hakukitoa kidole.

Kuanzia hapo mtoto hakupata joto. Ungemfunga blanketi mbili, ungemlaza juani, mwili wake ulikuwa kama mtungi. Mchana mmoja Ojulong akiwa shambani, Akwi alijilaza kitandani na mtoto kifuani. Akasikia hendeli ikizunguka mekoni, halafu gitaa, halafu sauti ya mumewe ikisema mlango haukufungwa, na alipofikiri ainuke akaufunge mlango ule alisikia nyayo uani, nyayo za mtu aliyelowa, zinazoshika ardhi na kuachia, zikipita mekoni bila kusimama, zikipita sahani iliyokuwa ikimsubiri, zikija nyumbani kwake polepole kama mtu anayeijua njia lakini amesahau urefu wake, na pazia likasogea ingawa hapakuwa na upepo, na harufu ya tope ikajaa chumba mpaka macho yakamchoma, na kitanda kikabonyea upande wa miguuni, kisha ubavuni, kisha karibu na kichwa chake, na mtoto akaliachia ziwa la mama yake akageukia upande ule palipobonyea, akafungua mdomo, akaanza kunyonya hewa, na kila alipomeza alizidi kuwa mzito na baridi, na Akwi hakuweza kuinua hata kidole mpaka sindano ilipofika mwisho wa wimbo ikawa inakwaruza tu. Alipoweza kumwinua mtoto, nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji. Ndani ya blanketi mlikuwa na mchanga na gamba moja dogo la konokono wa ziwani.

"Baba mtoto," alimwambia mumewe jioni, "hii wimbo yako inakula mtoto wetu."

Kesho yake alfajiri Ojulong alikwenda kumwona Ekaju, mganga aliyekaa karibu na jiwe la Tororo. Ekaju alikuwa mtu mfupi, hana mbwembwe za kutikisa vibuyu. Alimsikiliza huku anapukuchua mahindi.

"Watu wote wanaita wafu wao," alisema. "Lakini wanaita mara moja, wanalia, wananyamaza. Wewe umeweka mwito ambayo hainyamazi. Tena umemwahidi chakula. Sasa chakula imemshinda kushiba, na nyumba imempa mtoto ya jina lake. Atamaliza huyo mtoto."

"Kule Busia nasikia wanapiga hiyo wimbo kwa baa."

"Kwa baa hakuna mama yake. Mlango ni kwenu."

Dawa yake ilikuwa rahisi kusema. Wachimbe kaburi. Wamzike Elungat kwa mgomba, kwa kuwa mwili hawana. Santuri ivunjwe humo ndani, na avunje mama mwenyewe, atupe udongo wa kwanza, amwambie mwanawe alale. Mtoto apewe jina jingine.

"Na mlango ikifungwa, ifungwe," Ekaju alisema, akiacha mahindi kwa mara ya kwanza. "Sasa anakuja kama mgeni, anakwenda. Akiitwa tena kutoka kaburini, hatakuja kama mgeni."

Ojulong alidhani mama atakataa. Hakukataa. Mbele ya majirani wote aliiweka santuri juu ya ule mgomba uliovikwa sanda, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikawa vipande. Akachota udongo. "Elungat, lala," alisema, na hakutoa chozi. Ojulong alisimama kando, akiitazama miaka yake kumi na mmoja ikifukiwa, na nitasema kweli, alilia kwa ajili ya wimbo kuliko alivyomlilia kaka yake. Kisha akaona aibu. Mtoto alichovyewa pombe mara ya pili, akanyonya jina la Emong. Usiku ule mwili wake ukapata joto, akalia kama watoto wengine, na Akwi akalala usingizi wa kwanza baada ya wiki nyingi.

Mwezi ukapita, ukafuata wa pili. Mtoto Emong akanenepa, akaanza kucheka akimwona baba yake. Ojulong alitaka kuirudisha gramafoni kwa Jared, lakini mama alimwomba amwachie, aifunike kitambaa, awe anaitazama tu. Kumnyima mzazi kitu cha kutazama ni vigumu. Jambo jingine lililotokea lilikuwa dogo: majike mawili ya kuku yalipotea siku moja. Akwi alisema ni kicheche.

Jumatatu iliyofuata Ojulong alikwenda Busia kununua nyuzi za gitaa, maana mtu hawezi kuacha kazi yake kwa sababu imemuumiza. Alivuka mpaka bila kuulizwa neno, kama watu walivyovuka siku hizo, akamkuta Jared akipanga sabuni.

"Bwana Ojulong, una bahati ya mzazi," Jared alimwambia. "Mamako alikuja hapa Jumamosi na kuku wawili, nikabadilishana naye kwa santuri yako. Nikamuuliza, mama, si ni wimbo wa mwanao, hana yake? Akaniambia ya nyumbani ilivunjika. Mama anayependa wimbo wa mtoto wake namna hiyo, mtu anampata wapi?"

Kwa miaka kumi na mmoja Ojulong alikuwa ameyangoja maneno hayo. Aliziacha nyuzi juu ya meza, akapanda baiskeli.

Alipokunja kona ya boma, jua lilikuwa utosini. Jogoo alikuwa anaingia chini ya ghala, na majike nyuma yake, kwa mstari. Akwi hakuwepo, alikuwa amekwenda kisimani na kumwachia bibi mtoto. Kutoka mekoni ilikuja sauti yake Ojulong mwenyewe, nyembamba, ikimwita mtu aje kula.

Amulen alikuwa kwenye kigoda, mtoto mapajani. Nywele za mtoto zilikuwa zinachuruzika. Kidole cha bibi kilikuwa kinywani mwake, na bakuli la pombe ya wimbi lilikuwa sakafuni.

"Mama, toa hiyo kitu."

Amulen hakushtuka. Alimtazama kwa upole, upole ambao Ojulong alikuwa ameusahau.

"Wewe uko na mke," alisema. "Mke atazaa mwingine. Mimi nimezeeka. Mimi nitazaa nani?"

Ojulong aliipokonya santuri kwenye mashine huku bado inazunguka, akaivunja gotini, akavitupa vipande motoni. Aliinama kumchukua mwanawe, na mtoto akafumbua macho. Hakuwa anacheka. Alimtazama Ojulong kama kaka mkubwa anavyomtazama mdogo wake aliyemchelewesha. Mdomo usio na meno ukafunguka, maji meusi yakatoka, yakatoka mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtoto wa miezi mitatu, na nyuma ya maji ikaja sauti nzito, ile iliyomwita mvivu zamani.

"Ojulong. Siku ile zamu ilikuwa yako."

Mlangoni mtungi wa Akwi ulianguka ukapasuka. Amulen hakugeuka. Alimfuta mtoto kidevu kwa leso yake, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1952 akamtaja mwanawe aliye hai kwa jina lake.

"Umesikia, Ojulong?" alisema. "Kaka yako anakuita."